Nyumba ya Ezio na sebule ya Storms

Leo siandiki juu ya ugonjwa wa mihogo. Naandika juu ya mchezo wa video, Assassin's Creed II, ambao kampuni ya Ubisoft ilitoa mwaka 2009 na ambao hapa Uvira umefika sawa vile vitu vingi vinafika: polepole, kwa flashi, kutoka kompyuta ya rafiki mpaka kompyuta ya rafiki wa rafiki. Kwenye vyumba vya kulipia, kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu, vijana wako wanacheza mpira tu, juu mpira unachezwa na wawili na mwenye chumba anahesabu dakika zake. Huu mwingine unachezwa na mtu mmoja na unakula masaa makumi. Kwa hiyo unachezwa nyumbani, usiku, siku umeme umekubali. Najua wenye watasema mtu wa lisansi ya kilimo amekosa kazi ya kufanya. Kazi iko. Lakini kuna chumba kimoja ndani ya mchezo huu ambacho kimenisumbua muda mrefu, na nimeona nikiseme hapa kwetu, kati ya watu wa ziwa.

Kwa wasioujua, hadithi ni hii. Ezio Auditore ni kijana wa Firenze, Italia, mwaka 1476, mtoto wa benki, mpenda wasichana na ngumi. Baba yake na ndugu zake wawili wananyongwa mbele ya watu kwa njama za wakubwa wa mji. Yeye anakimbia na mama yake Maria na dada yake Claudia, wanafika kwa Mario, ndugu ya baba yake, kwenye kijiji chenye ukuta kinaitwa Monteriggioni. Nyumba ya ukoo iko pale, kubwa, lakini imechoka: maduka yamefungwa, kisima hakifanyi kazi, watu wachache. Kazi yako, mbali na kulipiza kisasi, ni kuirudishia nyumba hiyo heshima.

Unairudishiaje? Kwa kukusanya. Ndiyo moyo wa mchezo, hata kama tangazo lake lilionyesha kuua na kuruka juu ya paa. Kwenye miji kuna wauza tablo. Unanunua, na tablo inatundikwa yenyewe ukutani Monteriggioni. Kuna chumba cha silaha ambamo kila upanga, kisu na nyundo ya vita unayonunua inapata fasi yake. Kuna deraya, zile nguo za chuma za vita, zinasimama kwenye sanamu za mbao sawa watu wasio na vichwa. Kuna vijisanamu 8 vya miungu ya kale vilivyofichwa ndani ya kijiji, unaviokota, unaviweka uani, unalipwa florini. Na kila kitu unachoongeza kinapandisha thamani ya nyumba. Claudia anaandika yote kwenye daftari lake. Kila dakika 20 za kweli, za saa ya ukutani kwako, sanduku la ofisi yake linaongezeka pesa.

Nianze na sifa, juu zipo. Mimi niliyesoma historia ya Ulaya kwa mistari minne ya daftari la sekondari, nimetembea Firenze na Venezia zaidi kuliko nilivyotembea Kinshasa. Nimepanda kanisa kuu la Firenze kwa mikono, na nikifika juu, ile kuba ya Brunelleschi iko chini ya miguu yangu. Leonardo da Vinci ni rafiki, anakukumbatia, anasoma karatasi za siri kwa furaha ya mtoto. Ukinunua tablo, unaona jina lake na jina la mchoraji. Nilijifunza Botticelli ni nani kwa kumnunua. Hata deraya zina ukweli ndani yake. Moja inaitwa Missaglia, nyingine Helmschmied, na hayo hayakubuniwa: Missaglia walikuwa ukoo wa wahunzi wa deraya wa Milano, Helmschmied ukoo wa wahunzi wa Augsburg, Ujerumani. Watu wa nyundo na moto wamekumbukwa kwa majina yao, miaka zaidi ya 500 baadaye, ndani ya mchezo wa vijana. Hilo si jambo dogo, na nitarudi kwake.

Sasa lawama. Ya kwanza ni ya mchezaji tu: mkusanyo wa silaha hauna maana vitani. Ukishajua kusubiri adui apige na kumjibu, vile visu viwili vya kujificha mikononi vinamaliza karibu kila mtu. Upanga wa bei kubwa unaununua ili ukae ukutani. Na pesa zenyewe, ukishatengeneza kijiji, zinakuwa nyingi mpaka zinakosa maana. Unanunua tablo bila kuangalia, unabonyeza tu, unabonyeza, ili hesabu ifike mia kwa mia. Waliotengeneza mchezo walichora kila dirisha la Firenze kwa upendo, halafu tablo zenyewe wakazifanya vocha za simu.

Ya pili ni ya mtu wa kilimo. Pale Monteriggioni unaweza kutengeneza kisima, benki, kanisa, kambi ya askari, mgodi, nyumba ya wezi, hata danguro. Shamba? Hakuna. Nilizunguka ukuta wote natafuta. Tuscany nzima, nchi ya ngano, mzabibu na mzeituni, na mchezo hauna hata jembe moja la kuboresha. Utajiri unatoka wapi basi? Unatoka kwenye tablo. Tablo inazaa pesa, pesa inanunua tablo. Ukweli wa Tuscany ya wakati ule ulikuwa mwingine. Kulikuwa na mpango uliitwa mezzadria: mwenye ardhi anatoa shamba na nyumba, familia ya mkulima inatoa mikono, mavuno yanakatwa nusu kwa nusu. Sehemu ya utajiri uliolipa wachoraji ilipita kwenye nusu hiyo. Mtu yeyote aliyelima mpunga kwenye shamba la mwingine huku Bonde la Ruzizi, Sange au Luvungi, hahitaji kuelezwa. Anajua nusu ni nini, anajua pia kwamba mbegu na mbolea wakati mwingine zinatoka upande wake peke yake. Mchezo umefuta mtu huyo kabisa. Kijiji kinang'aa na hakuna aliyetoka jasho.

Lakini kuna mkusanyo mmoja ambao umenipata, na ndio umenifanya niione nyumba nzima kwa jicho lingine. Ni manyoya ya ndege. Petruccio, mdogo wake Ezio, mgonjwa mgonjwa, alikuwa anakusanya manyoya, akamwomba kaka yake amwokotee, bila kusema ya nini. Kisha akanyongwa pamoja na baba. Mama Maria tangu siku hiyo hasemi. Amepiga magoti kando ya kitanda, miaka inapita, hasemi. Ndani ya miji yote kuna manyoya 100, juu ya paa na minara, na ukiokota unayaweka kwenye sanduku ndani ya chumba chake. Hayauzwi popote. Ukimaliza yote 100, mama anasema. Zawadi ni joho la ukoo ambalo, ukilivaa, askari wa kila mji wanakutambua na kukufukuza. Yaani zawadi ya hasara. Na ni sawa kabisa. Kitu cha marehemu hakikupewi ili kikutajirishe.

Kwa hiyo mchezo huo huo unajua kuna namna mbili za kitu. Kuna kitu ambacho thamani yake ni bei, na kuna kitu ambacho thamani yake ni mtu fulani aliyekishika. Unajua hilo kwenye chumba cha mama, halafu unalisahau ukivuka mlango kwenda kwenye ukuta wa tablo.

Hapa niwavute upande wetu, juu kuna nyumba nyingine ya namna hiyo, na hiyo siyo ya mchezo. Ilikuwa Brussels, na vitu vyake vilitoka ziwani kwetu.

Mwaka 1883 mwanajeshi Mbelgiji, Émile Storms, alijenga kituo Mpala, kwenye ufuko wa magharibi wa Tanganyika. Kwa anayejua safari za maboti, ni kupita Kalemie na kuendelea kusini, kabla ya kufika Moba. Alikuwa wa Association Internationale Africaine, ile jumuiya ya mfalme Léopold II iliyovaa joho la sayansi na kupinga utumwa. Kwenye milima ya upande ule alikuwako chifu wa Watabwa, Lusinga. Nisimpake asali: Lusinga aliuza watu. Alikuwa na bunduki, alivamia vijiji, na Mskoti Joseph Thomson aliyepita kwake 1879 hakumsifu. Alikuwa anapanuka, Storms naye anapanuka, na ufuko haukuwatosha wawili. Desemba 4, 1884, watu wa Storms walishambulia kijiji chake. Lusinga aliuawa, akakatwa kichwa. Kichwa kililetwa Mpala, na Storms alipoondoka 1885 na kituo kikaachiwa Mapadre Weupe, fuvu lilisafiri naye mpaka Ubelgiji, pamoja na mafuvu ya machifu wengine wawili, Mpampa na Maribu. Ilisafiri pia sanamu kubwa ya mbao iliyokuwa ya Lusinga, sanamu ya ukoo, yenye nywele zilizosukwa kwa ustadi ambao mafundi wa nywele hapa mjini wangeusimamia kuuangalia.

Storms akawa jenerali, akafa 1918. Kuna picha za rangi za maji ambazo mchoraji James Thiriar alizichora mwaka 1929 za ndani ya nyumba ya Storms. Ukiziangalia baada ya kucheza mchezo huu, utanielewa bila maelezo. Sebule ya Kizungu, viti vizuri, na vitu vya Tanganyika vimepangwa: silaha ukutani, sanamu fasi yake ya heshima. Ni Monteriggioni. Kila kitu kimefika, kila kitu kina msumari wake, na mwenye nyumba ameongezeka thamani. Mjane wake alitoa mkusanyo huo kwa makumbusho ya Tervuren miaka ya 1930. Sanamu ya Lusinga iko mikononi mwa makumbusho hayo mpaka leo, na imeonyeshwa na kupigwa picha mara nyingi kama moja ya kazi kubwa za sanaa ya Congo.

Mtu wa chuo aliyeandika vizuri zaidi juu ya kisa hiki, Mmarekani Allen F. Roberts, alikipa kitabu chake cha 2013 jina A Dance of Assassins. Wauaji wanaocheza ngoma. Yeye hakuwa anafikiria mchezo wowote wa video. Alikuwa anasema juu ya Storms na Lusinga, wawili, kila mmoja akijionyesha mbele ya mwingine. Lakini mimi nimesoma jina hilo nikacheka peke yangu, si cheko la furaha.

Sasa nirudi kwa wahunzi. Ndani ya mchezo, deraya ina jina la aliyeipiga nyundo, tablo ina jina la aliyeichora. Sanamu ya Lusinga ina jina la aliyeuawa, na nyuma yake jina la aliyeagiza. Mwenye aliichonga? Hana jina. Alikuwa fundi, alijua mbao gani haipasuki, alijua uso wa mkubwa unatakiwa utulie namna gani, lazima alikuwa na wateja na labda na madeni, sawa Botticelli. Botticelli amebaki Botticelli kwa sababu tablo yake ilibaki fasi ambako watu walijua nani aliichora, wakaandika, wakawaambia watoto. Ukiondoa kitu kwa moto na bunduki, jina la fundi linabaki kwenye majivu. Na siyo Mpala tu. Wabembe wa Fizi, majirani zetu wa hapa chini, wana kinyago cha alunga, chenye nyuso mbili, moja mbele, moja nyuma. Vinyago hivyo viko kwenye makumbusho ya ng'ambo. Soma kibao chake: kabila, nchi, aina ya mbao, aliyekitoa kama zawadi. Fundi hayumo.

Niseme pia jambo ambalo halitatupendeza. Si kila kitu kilichukuliwa na mzungu kwa nguvu. Kuna sanamu nyingi za Afrika ya Kati zilizochomwa siku za ubatizo, na wenye kuzichoma walikuwa wenyeji wenyewe, wakiimba. Mchezo unajua na hili. Kwenye sehemu ya nyongeza iliyotoka 2010 unamkuta Savonarola, mtawa wa Firenze aliyewafanya watu wa mji huo walete vioo, vitabu na tablo zao uwanjani na kuzichoma. Ni historia ya kweli, Februari 7, 1497. Watu wa Firenze walichoma vya kwao. Tofauti ni kwamba walibaki na mji, na wachoraji, na mwaka uliofuata walimchoma Savonarola mwenyewe pale pale.

Mmoja wetu, daktari wa mifugo na mtu mwenye akili, aliniambia: ndugu, ni mchezo tu, tablo za pikseli hazijamuumiza mtu. Sawa. Lakini mchezo ni mazoezi ya mkono. Ukikaa masaa 30 unafundishwa kwamba ukuta usio na kitu ni kasoro, kwamba ukiona kitu kizuri hatua inayofuata ni kiwe chako, mkono unazoea. Waliotengeneza mchezo walijua kufundisha kinyume, maana mwaka 2010 walifanya hivyo. Brotherhood, unaoendeleza hadithi, unaanza na mizinga ya Cesare Borgia juu ya Monteriggioni. Nyumba uliyoijaza kwa masaa yako yote inabomolewa mbele yako. Deraya ya Altaïr, ile uliyoitafuta kwenye makaburi sita, imekwenda. Nilishika tama. Kwa dakika kumi hivi mchezo umekuweka upande wa Lusinga, upande wa wanaokusanywa. Halafu unakupa Roma ujaze upya, na habari imekwisha. Ni nafasi kubwa waliyoiacha.

Kuna watu wanaojaribu njia nyingine. Studio ya Afrika Kusini, Nyamakop, ilitangaza mwaka 2025 mchezo unaitwa Relooted, ambamo kikundi cha Waafrika kinaingia kwenye makumbusho ya nchi za Magharibi na kutoa vitu vya Afrika ili virudi. Wazo ni tamu. Wasiwasi wangu ni ule ule: kitu kisiwe tena pointi ya kuokota, tofauti ikawa tu sanduku liko upande gani. Kurudisha ni kazi ya ofisi, polepole kuliko mchezo wowote. Mwezi wa sita 2022 mfalme Philippe alikuja Kinshasa na kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, akakikabidhi kwenye makumbusho ya taifa. Tulipiga makofi. Kilikuja kwa mkopo, mkopo usio na mwisho, lakini mkopo. Kitu chako unakopeshwa. Mwezi wa saba Ubelgiji ikapitisha sheria ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa enzi za ukoloni, na sheria hiyo haigusi mabaki ya watu. Kwa hiyo sanamu ya Lusinga ina mlango, angalau kwenye karatasi. Fuvu lake, ambalo liliishia kwenye taasisi ya sayansi asilia ya Brussels, halina mlango huo.

Storms mwenyewe alikuwa na sanamu, kichwa na mabega, ya shaba, kwenye uwanja wa De Meeûs, Ixelles. Ilitolewa mwaka huo huo wa 2022, ikapelekwa Tervuren. Sasa ni yeye aliyeandikiwa namba ya makumbusho.

Kwa mwenye atataka kuucheza: unapatikana kwa Kifaransa, sauti na maandishi. Laptop ya kawaida inautosha, ila betri haifiki mbali, hakikisha umehifadhi kabla umeme haujakata. Usimalize florini kwa panga, upanga wa kwanza mzuri unatosha. Tablo nunua kama unataka, lakini simama mbele yake kidogo kabla ya kutoka chumbani, mchezo haukukimbizi. Manyoya okota yote, na usitumie ramani ya mtu mwingine, angalau kwa yale ya Firenze.